Barua ya wazi kwa Waganga Wafawidhi: mtu mwenye usonji atoke nje, na namba yake imsubiri

Kwa Waganga Wafawidhi wa hospitali za mikoa na wilaya, wakuu wa vituo vya afya, na wote mnaopanga foleni katika ofisi za umma nchini Tanzania,

Yah: Watu wazima wenye usonji wanaozidiwa na kelele, mwanga na msongamano wakati wa kusubiri huduma

Waheshimiwa, tunawaandikia sisi watu wazima wenye usonji (autism, yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo), pamoja na ndugu na wauguzi tunaoshirikiana nao. Ombi letu kubwa ni moja na halidai bajeti mpya. Tunaomba mgonjwa anayeona anaanza kuzidiwa aruhusiwe kutoka nje ya ukumbi wa kusubiria, akae huko dakika kumi au ishirini, kisha arudi akute namba yake ipo palepale. Mengine tuliyoandika hapa chini yanazunguka ombi hilo.

Usonji hauishi mtu anapotimiza miaka 18. Mtoto mwenye usonji huwa mtu mzima mwenye usonji. Anaajiriwa, anafanya biashara, anaoa au kuolewa, na anaumwa malaria, meno na presha kama jirani yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takribani mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa kiwango hicho, hospitali inayopokea wagonjwa wa nje 500 kwa siku inaweza kupitiwa na watatu au wanne kila siku ya kazi. Hamuwaoni kwa sababu wengi hawana cheti chochote mkononi, na kwa sababu wamejizoeza tangu utotoni kuficha. Mtu anayejificha vizuri ndiye anayekuja kuanguka mbele ya watu wote bila mhudumu kuelewa kimetokea nini.

Kinachotokea ni hiki. Ukikaa kwenye benchi la OPD (idara ya wagonjwa wa nje), masikio yako yanapokea feni inayogonga, televisheni, mtoto anayelia, kipaza sauti kinachoita majina na viti vya chuma vinavyoburutwa kwenye malumalu. Watu wengi, baada ya dakika chache, ubongo huyasukuma hayo pembeni yenyewe, wakabaki wanasikiliza jina lao tu. Kwa wengi wenye usonji uchujaji huo ni dhaifu. Kila sauti inabaki mbele, kila moja inadai kusikilizwa, na juu yake kuna harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, taa inayochezacheza na bega la jirani linalogusa bega lako. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili unataja tofauti hizi za milango ya fahamu miongoni mwa dalili za usonji.

Mzigo huo unajumlika. Haufutwi mtu anapohama chumba kimoja kwenda kingine chenye kelele ileile. Aliyelala vibaya, akapanda daladala yenye muziki mzito, akasimama saa nzima kwenye dirisha la malipo, anafika kwa daktari akiwa amebakiza nafasi ndogo sana. Hapo wasiwasi nao unaingia. Moyo unakwenda mbio, mwili unakaa tayari kukimbia, na katika hali hiyo masikio yanazidi kuwa makali. Kelele inaongeza wasiwasi, wasiwasi unaongeza ukali wa kelele. Ndiyo sababu mtu yuleyule aliyekaa kwenye ukumbi wenu wiki iliyopita bila shida yoyote leo anashindwa. Wahudumu wengi humwambia, “Mbona juzi ulikaa vizuri?” Ndiyo, juzi alikaa vizuri. Hali hii huja na kuondoka kufuatana na jumla ya siku nzima, na wala haimaanishi kwamba anajifanya.

Ikifika mwisho, hutoka kwa sura mbili. Ya kwanza ni kulipuka: kulia, kupaza sauti, kujipiga kichwa, kukimbilia mlangoni. Hii mnaijua. Ya pili ni kuzima, na hii hupita mbele ya macho yenu bila kutambuliwa. Mtu ananyamaza, macho yamekodoa sehemu moja, akiitwa hajibu, akiulizwa jina lake midomo haifunguki. Anasikia, wakati mwingine anaelewa kila neno, lakini maneno yake hayatoki. Mhudumu anaandika “hana ushirikiano” kwenye faili. Wapo walioandikiwa hivyo mara nyingi hadi wakaacha kabisa kwenda hospitali, na hilo linatuuma kuliko yote.

Kabla ya kufika huko kuna muda wa dalili, na mtu mzima anayejifahamu huzijua za kwake. Taya zinakaza. Sauti za mbali zinaanza kuonekana kama ziko sikioni. Anasoma bango moja mara tatu bila kulielewa. Anahisi joto shingoni, haja ndogo isiyokuwepo, hasira bila sababu. Akitoka wakati huo, akakaa penye kivuli na ukimya, mara nyingi dakika kumi hadi ishirini zinamtosha kurudi na kuendelea. Akichelewa akalipuka au akazima, kurudi katika hali yake kunaweza kuchukua saa kadhaa, pengine hadi kesho yake. Hakuna zana nyingine inayofanya kazi vizuri kama kutoka mapema.

Na foleni zetu zinamwadhibu mtu kwa kutoka mapema. Jina linaitwa, asipoitikia faili linawekwa chini kabisa ya rundo. Kwa hiyo anabaki. Anang’ang’ania benchi na dalili zote ziko wazi mwilini mwake, kwa kuwa amekaa kwenye foleni hii kwa muda wa saa nne na hawezi kuipoteza.

Tumefikiri sana jinsi ya kulipanga hili ili lisiwaharibie kazi, na huu ndio utaratibu tunaoupendekeza. Pale mapokezi, kila mgonjwa aulizwe swali moja bila kubagua: “Kuna kitu kinachokupa shida wakati wa kusubiri, labda kelele, mwanga au watu wengi?” Akisema ndiyo, mhudumu achore alama iliyokubalika kwenye jalada la faili, au aweke tiki kwenye mfumo wa kompyuta, na ampe kadi yenye namba ileile ya foleni. Akitaka kutoka, anaonyesha kadi tu, bila kulazimika kueleza chochote, kwa kuwa huenda maneno yameshaanza kumpotea. Mhudumu anaandika saa aliyotoka na mahali atakapokaa. Zikibaki namba mbili, anatumiwa ujumbe au anabipiwa. Namba ikifika naye hajarudi, faili lisimame juu ya rundo: ataingia mara tu baada ya mgonjwa aliyeko ndani wakati anarudi. Zikipita dakika 30 bila kuonekana, mtu aende kumtazama, maana inawezekana amezima hukohuko nje.

Mgonjwa wa dharura bado anatangulia. Mama mwenye mtoto mchanga na mzee bado wanatangulia. Mwenye kadi harukii mtu yeyote.

Tunajua swali linalofuata: watu watajifanya. Angalieni wanachopata. Anayejifanya anapata ruhusa ya kukaa nje na kurudi kwenye zamu yake ileile. Hajaokoa hata dakika moja. Kadi ya kuwahi mbele ingevutia wadanganyifu. Kadi ya kusubiri nje haiwavutii. Kwa hiyo msidai cheti cha usonji. Watu wazima wengi hawajawahi kupimwa, wanawake hasa, kwa kuwa dalili zao zilichukuliwa kuwa aibu au upole. Mkidai cheti mtawafungia nje walewale tunaowaombea, na mtamfungia pia mwenye kipandauso na mwenye hofu iliyomtawala tangu ajali, ambao kadi hiyo ingewafaa vilevile.

Mahali utaratibu huu unapoharibikia tunapafahamu. Unaanza vizuri mapokezi kisha unafia dirisha la pili. Mgonjwa mmoja wa nje anaweza kupita mapokezi, malipo au bima, vipimo vya awali, daktari, maabara, daktari tena, kisha dirisha la dawa. Hizo ni foleni saba, na kila moja ina mwenyewe. Kadi isipotambuliwa maabara, kazi yote ya mapokezi imepotea. Unaharibika pia zamu zinapobadilishana saa nane mchana na anayeondoka hakumwambia anayeingia kwamba kuna mtu chini ya mwembe. Andikeni kwenye daftari la kupokezana zamu. Unaharibika mtandao unapochelewesha ujumbe, kwa hiyo mwenye kadi aambiwe pia kwa saa: “Kaka, rudi utazame ubao saa nne na nusu.” Na unaharibika getini, mlinzi anapomkatalia mtu kuingia mara ya pili. Mlinzi awe wa kwanza kuelekezwa, kabla hata ya muuguzi.

Hiyo saa tuliyoitaja ina uzito wake wenyewe. Sehemu kubwa ya wasiwasi wa kusubiri inatokana na kutojua. Kwa watu wengi wenye usonji, kusubiri kusikojulikana mwisho wake kunachosha kuliko kusubiri kurefu kunakojulikana. “Subiri kidogo” ni jibu baya kuliko “utasubiri saa mbili.” Kidogo ni kiasi gani? Mtu anakaa amejikaza akitarajia kuitwa kila dakika, na kila jina linapoitwa mwili unashtuka. Wekeni ubao mweupe na kalamu: namba inayohudumiwa sasa, makadirio ya dakika kwa mgonjwa mmoja, idadi ya madaktari waliopo leo. Makadirio yakikosea yafuteni na kuandika mapya. Na pale mapokezi bandikeni hatua zote kwa mpangilio, kila moja na namba ya chumba chake. Karatasi moja.

Ubao una faida ya pili ambayo wengi hawaioni. Mtu anayezidiwa na kelele huvaa viziba masikio. Vile vya sponji hupunguza zaidi sauti nyembamba kuliko nzito, kwa hiyo mngurumo wa jenereta bado unapita huku maneno yanayotoka kwenye kipaza sauti yanafifia. Matokeo yake hasikii jina lake. Amejilinda, na kujilinda huko kumempotezea zamu. Namba ikiwa inaonekana kwa macho, tatizo hilo linakwisha.

Maadamu tumevitaja viziba masikio: havina gharama kubwa, na mkiweka boksi moja mapokezi mtasaidia wengi. Lakini mwelekezeni mtu jinsi ya kuvivaa, kwa sababu wengi huvichomeka nusu na kupata nafuu ndogo sana. Kisokoteni kati ya vidole hadi kiwe chembamba. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke. Kiingize, kisha kishikilie kwa kidole nusu dakika hadi kifumuke. Vya sponji vitupwe baada ya kutumika. Asiyependa kitu ndani ya sikio anaweza kuvaa vile vifuniko vikubwa vya mafundi vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Na tunawasihi wenzetu pia: visivaliwe kutwa nzima kila siku, hata nyumbani penye utulivu. Masikio yaliyozoea ukimya mtupu huzidi kuwa mepesi kuumizwa. Viwe vya saa za kelele.

Sasa kelele zenyewe. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1999 ilishauri kwamba mahali wagonjwa wanapotibiwa au kuangaliwa kelele isizidi wastani wa desibeli 35. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili peke yake yanakaribia 60, kwa hiyo hatutazamii ukumbi wa OPD ufike huko. Tunaomba yale yanayoondoleka yaondolewe. Televisheni ambayo hakuna anayeitazama izimwe, au ibaki picha na maandishi bila sauti. Kipaza sauti kimoja kikali kilichofungwa ukutani kinawachoma walio karibu ili wa mbali wasikie. Viwili au vitatu vidogo vya sauti ya chini vinafanya kazi hiyohiyo bila kumuumiza mtu. Kipaza sauti kinachokwaruza ni kibaya zaidi ya chenye sauti kubwa, kwa kuwa ubongo unahangaika kuokoteza maneno ndani ya mikwaruzo. Kirekebisheni au kiondoeni. Miguu ya viti vya chuma ifungwe vipande vya mpira wa tairi kuukuu: kazi ya fundi mmoja kwa nusu siku, na badiliko lake linasikika siku hiyohiyo.

Malumalu chini, ukuta wa saruji, dirisha la kioo: sauti inagonga na kurudi. Mapazia mazito yaliyoachwa na mikunjo yanainyonya kiasi; yakivutwa yakawa bapa nguvu hiyo inapungua. Msibandike trei za mayai. Zimeenea mitandaoni lakini hazizuii sauti kupita na zinanyonya kidogo sana. Wala msibandike sponji la godoro, kwa sababu likishika moto linatoa moshi wa sumu, na hapo ni hospitali.

Kuhusu taa tutasema machache. Tyubu za zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu wa masafa ya hezi 50. Wengi hawaoni, baadhi yetu huumwa kichwa. Ikianza kupepesa hadi kila mtu anaona, stata au tyubu imekwisha, na ibadilishwe siku hiyo isisubiri mwisho wa mwezi. Taa za LED za bei ya chini nazo hupepesa: zipigeni picha ya video kwa simu kwa mwendo wa polepole, mkiona mistari au kuwaka na kuzimika, rudisheni dukani.

Wenye uwezo wa kutenga chumba cha utulivu, tunawashukuru mapema, na tuna tahadhari za kuwapa. Chumba kidogo kinatosha: viti viwili visivyotazama mlango moja kwa moja, dirisha linalofunguka, taa yenye swichi anayoweza kuifikia mwenyewe, maji ya kunywa, kuta zisizo na mabango. Hakuna televisheni, hakuna marashi ya chumba. Kisiwe jirani na jenereta wala choo. Mlango usifungwe kwa ufunguo mtu akiwa ndani, hata mara moja, kwa sababu yoyote. Siku chumba hicho kitakapotumika kumfungia mtu anayesumbua, kitakuwa kimekufa. Hakuna mwenye usonji atakayekiingia tena. Vyumba hivi hufa kwa njia nyingine pia. Miezi miwili baadaye vinakuwa stoo ya maboksi ya glovu, au wahudumu wanalia chakula humo na harufu ya samaki inabaki, au ufunguo uko kwa mtu mmoja ambaye leo yuko likizo. Mpeni chumba hicho mlezi kwa jina, na akaguliwe. Kama hamna chumba, benchi moja chini ya mti, mbali na jenereta na mahali magari ya wagonjwa yanaposhushia, linatosha kabisa.

Ndani ya chumba cha daktari kuna mambo matatu yanayoharibika mara kwa mara, nayo ni ya kitabibu, kwa hiyo tunaomba yasomwe kwa makini.

La kwanza ni presha. Mtu aliyetoka kwenye ukumbi wa kelele, moyo unamwenda mbio, akifungwa mkanda unaombana mkono bila kuambiwa, kipimo kitapanda. Akiandikiwa dawa ya presha kwa kipimo hicho kimoja, mmetibu ukumbi wenu. Taratibu mnazijua: akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, apimwe mara mbili kwa kuachana dakika moja au mbili. Kwa mtu huyu fanyeni hivyo kwenye chumba cha utulivu, na mkiweza mwombeni apime pia nyumbani kwa siku kadhaa kabla ya kuamua.

La pili ni maumivu. Uso wake hauwezi kuwa ushahidi. Wapo wenye usonji wanaoumia vibaya sana huku uso umetulia na sauti ni ileile. Na wengi hawazisomi vizuri hisia za ndani ya mwili, njaa, kiu, kibofu, hata maumivu, kwa hiyo ukimuuliza “kutoka sifuri hadi kumi ni ngapi?” atakaa anatafuta namba sahihi na hataipata. Ulizeni vitu vya kushikika: “Jana uliweza kupanda ngazi? Leo je?” “Umelala saa ngapi?” “Onyesha kwa kidole kimoja.” Msiharakishe kusema ni wasiwasi tu. Maumivu ya kifua kwa mtu mwenye usonji yachunguzwe kama ya mtu mwingine yeyote.

La tatu ni kugusa. Semeni kabla, fanyeni baada. “Dada, nitafunga mpira mkononi, utabana kwa dakika moja, kisha nitachoma, kisha nitafungua.” Mguso mwepesi wa kushtukiza huwaka kama moto kwenye ngozi ya baadhi yetu; mguso imara unaotarajiwa huvumilika. Akitaka kutazama sindano aachwe atazame. Akiomba ndugu yake abaki chumbani, abaki.

Na akishalipuka au kuzima mbele yenu, mtu mmoja tu azungumze. Watu watatu wakimbembeleza kwa pamoja wanaongeza kelele. Punguzeni waliosimama kumtazama, zimeni kinachoweza kuzimwa, mpeni njia ya wazi kuelekea mlangoni na msisimame katikati yake. Sentensi fupi, moja, kisha hesabuni kumi kimyakimya kabla ya kusema tena. Asipojibu rudieni maneno yaleyale. Mkibadilisha maneno ubongo wake unaanza upya kama swali jipya. Toeni machaguo mawili ya kuonyesha kwa mkono: “Hapa, au nje?” Msimwambie “nitazame.” Msimshike, isipokuwa anakaribia kujiumiza kweli au kukimbilia barabarani. Kuyumbayumba, kupunga mikono, kurudia neno moja, kutembea huku na huku: hivyo ndivyo mwili unavyojituliza, na mkimzuia mnamnyang’anya breki. Kitenge kilichofungwa kwa kubana mabegani, kusukuma ukuta kwa viganja, maji baridi usoni, hivyo vinasaidia wengi, akitaka mwenyewe. Kupumua taratibu, kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, kunasaidia baadhi. Wengine wakielekezwa kusikiliza pumzi zao taharuki inapanda, kwa hiyo pendekezeni mara moja na muache. Degedege ni suala lingine. Kifafa ni cha kawaida zaidi kwa wenye usonji kuliko kwa watu wengine, na degedege likipita dakika tano ni dharura.

Walinzi wanastahili aya yao. Mtu mzima anayetembea huku na huku nje ya uzio, ameziba masikio, haangalii watu usoni na hajibu akiulizwa anakwenda wapi, ni rahisi kudhaniwa mlevi, mvuta bangi au kibaka. Tunajua jinsi neno “mwizi” linavyoweza kugeuka msiba kwa dakika chache mitaani kwetu. Mlinzi aelekezwe mambo mawili: kutokujibu si ushahidi wa kosa, na mwenye kadi aachwe. Vile vile kofia yenye ukingo, miwani ya jua, vifuniko vya masikio na kitu kidogo cha kuchezea mkononi visinyang’anywe mlangoni kwa madai ya adabu.

Kwa madaktari, neno la dawa. Hakuna kidonge cha usonji. Wasiwasi wenyewe unatibika, lakini baadhi ya wenye usonji huathirika na dozi ya kawaida ya dawa za sonona na wasiwasi kuliko inavyotarajiwa, hivyo anzeni chini na pandisheni polepole. Diazepamu inaweza kumfanya mtu ahangaike zaidi badala ya kutulia. Propranololi ni hatari kwa mwenye pumu, muulizeni kwanza. Sindano ya kutuliza isiwe jibu la ukumbi wenye kelele. Ushauri nasaha hufaa ukibadilishwa: mwongozo wa mwaka 2012 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unashauri maandishi na michoro zaidi, lugha ya moja kwa moja isiyo na mafumbo, mapumziko ya mara kwa mara, na ndugu kushirikishwa mwenyewe akikubali.

Uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, ulianza mwaka 2016 kuwapa abiria wenye ulemavu usioonekana utepe wa shingoni wenye alizeti ili wahudumu wawatambue. Wazo ni zuri, lakini kwetu hatulipendekezi kama hatua ya kwanza. Utepe shingoni kwenye ukumbi uliojaa utaleta maswali kumi ya “una nini wewe?” kutoka kwa majirani wa benchi, na maswali hayo ndiyo mzigo wenyewe. Alama ikae kwenye faili na kadi ikae mfukoni.

Sheria ipo upande wa ombi hili. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, kisha ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Kifungu cha 2 cha Mkataba huo kinahesabu kumnyima mtu marekebisho stahiki, yaani mabadiliko yanayofaa ili naye apate haki kama wengine, kuwa ni ubaguzi. Mlishajenga njia za mteremko kwa ajili ya viti vya magurudumu. Kadi ya kutoka na kurudi ina hadhi hiyohiyo.

Tunapendekeza muanze na idara moja kwa mwezi mmoja, OPD au kliniki ya meno, na muandike mambo manne kwenye daftari: waliochukua kadi, waliotoka nje, waliorudi ndani ya dakika 30, na walioondoka bila kutibiwa. Hiyo namba ya nne anzeni kuiandika wiki mbili kabla ya jaribio, ili kuwe na cha kulinganisha. Kabla ya siku ya kwanza, mkuu wa idara mwenyewe aichukue kadi, apite madirisha yote saba kama mgonjwa, atoke nje katikati na ajaribu kurudi. Dirisha litakalomkatalia ndilo la kuanza nalo.

Wasalaam,

Watu wazima wenye usonji, ndugu zao na wauguzi wanaoshirikiana nao